Sauti ya Ishirini na Tisa

Kwako Mwalimu wangu Mejumaa, uliyeondoka kabla sijakuuliza,

Usimamizi ni kitendo cha mtu mwenye dhamana kuwapo mahali kazi inapofanyika, kuijua kazi hiyo kama ilivyo, na kukubali kuwajibika kwa kile alichokijua. Sehemu zote tatu ni za lazima. Anayekuwapo bila kujua ni mgeni tu. Anayejua bila kuwajibika ni mtazamaji. Anayewajibika bila kujua ni wa kuhurumiwa, na shule zetu zina wengi wa namna hiyo. Ndivyo ninavyowaandikia ubaoni walimu wakuu watarajiwa kila kozi inapoanza, katika chumba chetu cha ghorofani hapa Kisauni, nao hunakili bila kuuliza. Fasili ni yako. Ulinipa tukiwa tumeketi kwenye benchi nje ya afisi ya elimu, Likoni, ukimenya chungwa, na ulipomaliza uliniambia, "Sasa iandike, mwanangu, kabla sijaibadilisha."

Niliiandika. Nimeifundisha kwa miaka mitano. Ni hivi karibuni tu nilipotambua kwamba sehemu ya tatu hatukuitimiza, si wewe wala mimi, na kwamba yupo mtoto aliyeilipia.

Nilikuwa mwalimu mwenye miaka miwili kazini nilipoazimwa kwako kuwa mwandishi wa ziara zako. Wewe ulikuwa umezikagua shule za upande ule tangu kabla sijajua kusoma. Kazi yangu ilikuwa fupi: kubeba fomu, kuandika unachosema, kutia saini chini ya saini yako. Siku ya kwanza nilikuamkia, "Shikamoo, Mwalimu," ukaitika, "Marahaba," kisha ukanitazama viatu na kuuliza kama nilidhani tunakwenda harusini. Tulikuwa tunakwenda kwa miguu, kwenye matope. Hukucheka. Mimi ndiye niliyecheka, na nadhani kuanzia hapo ulinipenda.

Mbinu yako ilijulikana kote. Ulikataa chai ya mwalimu mkuu hadi kazi iishe. "Nikishakula mahamri yao," ulisema, "watoto wote watakuwa wanajua kusoma." Ulikwenda moja kwa moja darasani, ukaketi dawati la nyuma kabisa, ukavua miwani na kufumba macho. Kisha ulimwomba mwalimu aite majina. Wavulana waliitika "naam," wasichana "abee," kama walivyofunzwa nyumbani, na wewe kwa kila sauti ulichora kistari kwa penseli katika kijitabu ulichokilaza pajani, bila kukitazama. Walimu wapya walidhani umesinzia. Wakongwe walitoka jasho.

Nilikuuliza siku moja kwa nini unafumba. "Macho huandaliwa mambo ya kuona," ulijibu. "Dawati lapakwa vanishi, ukuta wabandikwa chati, mtoto avikwa soksi za nduguye. Lakini sauti ya mtoto hawajajua kuipaka rangi." Niliyaamini maneno hayo kama mtu anavyoamini kipimo. Hadi leo mbinu hiyo imo katika kitini ninachowapa wanafunzi wangu, ukurasa wa tatu, na jina lako liko chini yake.

Sasa niruhusu nikurudishe kwenye shule ile iliyo nyuma ya Likoni, kwenye njia ya kwenda Mtongwe. Sitaitaja. Ilikuwa Juni, saa nne asubuhi, na mvua ilikuwa imekatika muda mfupi kabla hatujaingia, kwa hivyo mabati yalikuwa bado yanadondosha maji. Mwalimu mkuu alitupokea getini mwenyewe, shati limepigwa pasi hadi kola inakata. Uliikataa chai. Tulipelekwa darasa la tano. Jambo la kwanza nililoliona ni utulivu. Watoto arobaini na zaidi, na hakuna aliyekohoa. Walisimama pamoja, wakatusalimu pamoja, wakaketi pamoja, na hata madawati hayakulia.

Uliketi. Ulifumba macho. Mwalimu wa darasa, kijana mpole, alifungua rejista na kuanza kuita.

Mimi sikufumba. Kazi yangu ilikuwa kuandika, na huwezi kuandika ukiwa umefumba. Wavulana waliisha, wakaja wasichana. Sauti zilitoka hapa na pale, na kila moja ilikuwa na kichwa kilichoinuka, mdomo uliofunguka. Kisha mwalimu akaita, "Dama."

"Abee."

Ilikuwa sauti ndogo, yenye adabu, wala haikuchelewa. Ilitoka safu ya tatu, karibu na dirisha, na mahali ilipotoka palikuwa na dawati tupu.

Juu ya dawati lile palikuwa na daftari lenye jalada la kaki, limenyooshwa sambamba na ukingo wa mbao, na penseli juu yake. Nililitazama hadi mwalimu akaita majina mengine matatu au manne. Hakuna mtoto aliyeligeukia. Hilo ndilo lililonishtua. Mahali palipo na pengo, macho ya watoto huenda hapo yenyewe. Hapa macho ya wote arobaini na kitu yalilikwepa dawati kwa namna moja, kama watu wanavyoliepuka jiwe wanalolijua njiani.

Majina yaliisha. Ulivaa miwani. "Wangapi kwenye rejista?" ulimuuliza mwalimu.

"Arobaini na saba, Bi Mkaguzi."

"Waitikaji arobaini na saba," ulisema, na kunigeukia. "Andika, Kadzo. Mahudhurio kamili. Mwalimu anawajua wanafunzi wake wote kwa majina."

Niliandika. Watoto walipotoka kwa mapumziko nilichelewa nyuma makusudi, nikalifungua daftari lile. Zoezi la siku ile lilikuwemo, hesabu za sehemu. La jana yake pia. La juma lililopita pia, yote yamesahihishwa kwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu ameandika "Vema." Lakini mwandiko wa jana haukuwa wa leo, na wa juzi haukuwa wa jana. Herufi zililala kulia ukurasa huu, zikasimama wima ukurasa unaofuata, zikawa kubwa za mtu wa mkono wa kushoto ukurasa wa tatu. Nilihesabu mikono sita kabla sijalifunga. Kisha nilikufuata afisini kwa mwalimu mkuu, ambako sasa ulikuwa umekubali chai, nikatia saini chini ya saini yako.

Sikukwambia. Nimejichunguza mara nyingi kuhusu hili, na sitaki kujipunguzia. Sikuwa nakuogopa. Nilikuwa nimeweka sikio lako mahali pa juu kuliko macho yangu, na mtu akishafanya hivyo haoni kuwa ananyamaza. Anadhani anatii.

Juma lililofuata nilirudi peke yangu, kwa kisingizio cha fomu iliyokosa mhuri. Niliwakuta wasichana wanne wa darasa lile kwenye mfereji wa maji. Kiranja wao aliitwa Mwanahamisi, mrefu, mwenye majibu mafupi.

"Dama yuko wapi?" niliuliza.

"Yupo, mwalimu."

"Wapi?"

"Kwenye rejista."

Mmoja alicheka, akapigwa kiwiko. "Mwambie tu," alisema mwingine. "Huyu si mkaguzi. Huyu ni yule anayeambiwa na bibi aandike."

"Mimi ndiye ninayeandika," nilisema.

"Basi ndiye mbaya zaidi," alisema Mwanahamisi, lakini aliketi kwenye ukingo wa mfereji na kunieleza. Dama alikuwa ameondoka kabla ya likizo ya Aprili. Mama yake alihama chumba, naye alipelekwa kwa jamaa kumlea mtoto mchanga. Alisema atarudi. Dada yake mkubwa aliwahi kuondoka vivyo hivyo, akafutwa kwenye rejista, na aliporudi akaambiwa nafasi yake imepewa mwingine. Kwa hivyo Dama aliwaomba jambo moja tu.

"Alisema, niitikieni," alisema Mwanahamisi. "Mukiniitikia sifutwi."

"Na nani huitika?"

"Kwa zamu. Siku mliyokuja ilikuwa zamu ya Zaituni, huketi nyuma ya dawati lake."

"Na alivuruga," alisema yule aliyecheka. "Dama ana kijisauti kidogo. Huyu ni ngoma."

"Ngoma ni mamako," alisema Zaituni. "Mkaguzi mwenyewe hakujua."

"Alikuwa amelala."

Wakacheka wote, na mimi karibu nicheke nao. Kisha Mwanahamisi akaacha kucheka kabla ya wenzake. "Ila kuna siku, mwalimu," alisema, "zamu ilikuwa ya Mwanaidi, na Mwanaidi alikuwa na homa, hakuja. Tukasahau kupanga. Jina likaitwa, kila mtu akanyamaza. Halafu likaitikiwa."

"Na nani?"

Walitazamana. Sikuona utani katika nyuso zao. "Kila mtu alidhani ni mwenzake," alisema Zaituni. "Tukaulizana wote mapumziko. Si mimi, si mimi, si mimi. Wallahi."

Mimi siamini mambo ya kutisha, Mwalimu, na wewe hukuamini. Yupo aliyeitika akaona haya kukiri, au ni sauti iliyopenya ukuta kutoka darasa la jirani. Naliandika kwa sababu ulinifunza kuandika kila nilichoambiwa, hata nisichoweza kukiweka mahali. Nami bado sijapata pa kukiweka.

Jambo linalonitisha kweli ni jingine, nalo halina miujiza. Katika shule zetu mtoto akikosa kwa majuma mawili, mwalimu wa darasa hutakiwa kutuma mtu nyumbani kuuliza. Ni utaratibu duni, lakini upo, na mara nyingi hufanya kazi, kwa sababu majirani wa Likoni wanajua nani kahamia wapi na wanasema. Kwa Dama hakutumwa mtu. Hakukuwa na sababu. Alikuwapo kila siku. Alifanya mazoezi yake yote. Mwisho wa mwaka alipata ripoti, ambayo niliona nakala yake kwa macho yangu, na mwalimu alikuwa ameandika: "Mtulivu. Hapigi kelele darasani." Alipandishwa darasa la sita.

Wenzake walimtunzia nafasi kwa uaminifu ambao sijauona kwa watu wazima, na uaminifu huo ndio uliofunga mlango ambao kupitia huo angetafutwa. Nilipokwenda nyumbani kwao ilikuwa mwisho wa Juni. Wapangaji walikuwa wapya. Jirani mmoja alijua tu kwamba mama alihamia Ziwa la Ng'ombe, anafua nguo za watu. Nilikwenda Ziwa la Ng'ombe Jumamosi mbili, nikauliza vichochoro vyote nilivyoweza. Mwanamke aliyekuwa akikaanga viazi karai alisema, "Mnawatafuta wakishaondoka. Walipokuwa hapa mlikuwa wapi?" Hakujua kwamba ananisema mimi hasa. Mwaka uliofuata rejista zilihamishiwa kwenye kompyuta, kompyuta ikataka namba ya cheti cha kuzaliwa, na asiyekuwa nayo hakuingizwa. Hivyo ndivyo Dama alivyofutwa, na hakuna mkono uliomfuta.

Hayo yote nilikuwa nayo nilipoketi kando yako katika ziara nyingine zaidi ya mia, ukifumba macho, nikiandika.

Ulifariki mwaka jana. Baada ya arobaini, binti yako alinipa mfuko wa vijitabu vyako. Alisema hajui vya nini, vimejaa mistari tu, kama vya mtoto anayejifunza kuandika. Nilivipanga kwa tarehe. Sikuwa natafuta chochote, au ndivyo nilivyojiambia, hadi nikafika kwenye siku ya mvua ya Juni.

Vistari arobaini na saba, katika safu tano. Umbali kati yake ni sawasawa, ingawa hukuvitazama. Na kati ya kistari cha ishirini na nne na kile cha ishirini na tisa umepita mstari mwembamba, uliopinda juu ya vingine kama daraja, ukaviunganisha. Ni mstari wa mtu aliyefumbua macho. Hakuna neno. Nilikwenda kuichukua nakala ya rejista niliyokuwa nimeihifadhi. Jina la ishirini na nne lilikuwa Zaituni. La ishirini na tisa lilikuwa Dama.

Ulisikia. Sikio lako halikukosea hata siku ile. Ulijua kwamba koo moja limeitika mara mbili, ukageuka, ukaniambia niandike mahudhurio kamili.

Niliketi na ukurasa ule mchana mzima, feni ikiugeuza na mimi nikiurudisha. Nilijaribu kukuelewa kwa haki. Huenda ulikuwa umewahi kumwona mtoto kama dada yake Dama akirudishwa getini, ukaamua kwamba uongo wa watoto una haki kuliko rejista ya wakubwa. Hilo lingefanana nawe. Huenda ulikusudia kurudi, ukazuiwa na shule nyingine ishirini. Huenda, na hili naliandika kwa shida, ulikuwa umechoka siku hiyo, na taarifa safi huandikwa haraka kuliko taarifa ya kweli. Kinachoniuma zaidi ni uwezekano wa nne: kwamba ulinigeukia kwa makusudi. Kwamba ulipotamka "Andika, Kadzo," ulinyamaza kidogo kabla ya "Mahudhurio kamili," ukimngoja mwenzako mwenye macho wazi aseme alichokiona. Najaribu kukumbuka kama ulinyamaza. Kumbukumbu inanipa jibu ninalotaka kila siku, na kila siku ni tofauti.

Kwa miaka mitano nimewapa wanafunzi wangu taarifa ya ziara ile kama kielelezo. Ni fupi, ina lugha nzuri, haina neno la ziada. Wapo walimu wakuu leo, Changamwe, Kiembeni, kila mahali, walioiga muundo wake. Alhamisi iliyopita nilisimama mbele ya kundi jipya nikiwa na taarifa katika mkono mmoja na ukurasa wa kijitabu chako katika mwingine. Ningeweza kuuacha ukurasa mfukoni. Jina lako lingebaki zima, na langu pia. Niliwagawia nakala za vyote viwili, nikawaeleza niliyokueleza hapa, pamoja na habari ya saini yangu.

 Kisha Bwana Katana, naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya Changamwe, akainua mkono. "Mimi ningeandika arobaini na sita," alisema. "Halafu ningekwenda nyumbani kwao jioni hiyo hiyo."

"Jioni hiyo ungekuwa umeshamfuta," alijibu Bi Rukia, ambaye amefundisha Ziwa la Ng'ombe miaka kumi na miwili. "Usimkute, kesho huna mtoto wala jina lake. Mimi ningeandika arobaini na saba, nikamtafute kimyakimya."

"Kimyakimya? Wewe, Bi Rukia? Sauti yako yasikika Kipevu."

"Cheka tu. Watoto wa Kipevu wangapi wako kwenye rejista yako na hawako darasani? Sema hapa, tusikie."

 Bwana Katana alikunja nakala yake mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Sijawahi kuangalia."

Nimekuwa nikiwafundisha kwamba usawa katika elimu ni kila mtoto kupata kwa kadiri ya hitaji lake. Bado naamini hivyo. Lakini nimeanza kuongeza kipimo kingine, na ningependa ungekuwepo ukikosoe: kwamba kukosekana kwa mtoto yeyote kuwe na uzito ule ule. Mtoto wa daktari akikosa siku mbili, simu italia. Dama alikosa karibu mwaka mzima, na shule haikuyumba. Nilipolisema hilo, Bi Rukia aliniuliza swali. "Mwalimu," alisema, "na wewe ulipoliona dawati, ulikuwa unamngoja nani?" Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anaandika, kalamu imesimama, akitaka jibu la kuweka kwenye daftari lake.

 Tangu siku ile, ninapoita majina darasani, husita baada ya kila jina muda mrefu kuliko inavyohitajika, na wanafunzi wangu, watu wazima wenye familia, wameanza kugeuka kutazamana.

Lala salama, Mwalimu. Sikulaumu, wala sijitoi lawamani. Ukurasa wa tatu wa kitini nimeuacha na jina lako, na nimeongeza langu chini yake, kwa sababu tulikuwa wawili na hilo ndilo linalonisumbua. Wewe ulikuwa na sauti, mimi nilikuwa na dawati. Kila mmoja alishika nusu ya ukweli na kumngoja mwenzake aitamke. Ikiwa msimamizi naye anahitaji wa kumsimamia ndipo aseme alichokijua, mlolongo huo unaishia kwa nani, na mtoto angoje wapi wakati tunautafuta mwisho wake?

Mwandishi wako na mwanafunzi wako,
Kadzo